Robert Hooke: Mtu Aliyeipa Seli Jina Lake

Kila mwaka wanafunzi wa shule za sekondari, kuanzia Usenge na Bondo hadi Kisumu mjini, huchora daftarini umbo la mstatili, wakalizungushia mistari miwili, na pembeni wakaandika kwamba huo ni ukuta wa seli. Mwalimu husahihisha, alama hutolewa, somo likasonga mbele. Ni wachache mno wanaoulizwa, na ni wachache zaidi wanaouliza, ni kwa nini kitu kidogo kiasi hicho kilipewa jina la chumba. Mimi si mwanabiolojia; kazi yangu ni lugha. Hata hivyo, historia ya neno hilo imefungamana na maisha ya mtu mmoja ambaye shule zetu humtaja mara mbili, katika biolojia na katika fizikia, bila kumweleza mwanafunzi kuwa ni yule yule.

Robert Hooke alizaliwa tarehe 18 Julai 1635, kwa kalenda ya kale ya Uingereza, katika kijiji cha Freshwater kilichoko kisiwani Wight, kusini mwa nchi hiyo. Baba yake alikuwa kasisi wa cheo cha chini. Mtoto huyo alikuwa dhaifu wa mwili, akasumbuliwa na maumivu ya kichwa, lakini mikono yake haikutulia. Inasimuliwa kwamba alipoona saa ya shaba ikifunguliwa, alikwenda kuunda ya kwake kwa mbao, nayo ikafanya kazi. Mnamo 1648 baba yake alifariki, akamwachia urithi wa pauni arubaini hivi. Kijana wa miaka kumi na mitatu akashika njia ya London kujifunza uchoraji kwa Peter Lely, mchoraji mashuhuri wa zama hizo. Harufu ya rangi ilimzidishia maumivu ya kichwa, akaiacha kazi hiyo upesi na kuingia shule ya Westminster chini ya mwalimu mkuu Richard Busby. Uchoraji, hata hivyo, haukumtoka mkononi, na tutaona ulivyomfaa baadaye.

Mwaka 1653 alijiunga na chuo cha Christ Church, Oxford. Hakuwa na mali, kwa hiyo alijikimu kwa kutumikia wengine. Huko ndiko alikokutana na tajiri Robert Boyle, akawa msaidizi wake na kumtengenezea pampu ya hewa iliyomwezesha Boyle kufanya majaribio yaliyompatia sifa. Mnamo 1662 Jumuiya ya Kifalme ya London, iliyokuwa changa bado, ilimteua kuwa msimamizi wa majaribio. Wajibu wake ulikuwa kuandaa majaribio matatu au manne kwa kila mkutano, na hapo mwanzo bila malipo. Wanachama walikuwa mabwana wenye nafasi. Hooke alikuwa ndiye mwenye kutoa jasho. Nadhani mwalimu yeyote aliyewahi kuendesha maabara peke yake, akitengeneza vifaa kwa mkono wake, atamwelewa mtu huyu kwa urahisi.

Kazi iliyolitia jina lake katika vitabu vyetu ilitoka 1665. Kitabu chake, Micrographia, kilikuwa na michoro mikubwa ya vitu vidogo: kiroboto aliyechorwa kwenye karatasi ya kukunjuliwa, jicho la nzi, ncha ya sindano, ukungu uotao juu ya ngozi. Mwanafunzi wa mchoraji alikuwa amerudi kwa mlango mwingine. Samuel Pepys, karani mashuhuri wa serikali aliyeandika kumbukumbu za kila siku, alikaa macho hadi saa nane za usiku akikisoma. Hadubini aliyoitumia Hooke ilikuwa bomba lenye lenzi. Ili apate mwanga wa kutosha, alichukua taa ya mafuta na kuweka mbele yake tufe la kioo lililojazwa maji, ili mwali ukusanyike juu ya kitu anachokitazama. Ninakitaja kifaa hicho makusudi, kwa sababu taa na chupa ya maji havikosekani katika shule yoyote ya ufuoni mwa ziwa letu.

Kati ya vitu alivyovichunguza palikuwa na kizibo cha chupa, yaani lile gome jepesi la aina fulani ya mwaloni. Alikinoa kisu kidogo hadi kikawa kikali kama wembe, akakata kipande chembamba mno, akakiweka juu ya bamba jeusi. Aliona vijumba vingi vimepangana mfano wa sega la nyuki, ingawa si kwa mpangilio ule ule. Akavihesabu. Katika urefu wa inchi moja alikadiria vijumba 1,080; katika inchi moja ya mraba 1,166,400; katika inchi moja ya ujazo 1,259,712,000. Mwanafunzi anaweza kuzidisha mwenyewe akahakikisha.

Hakuishia kwenye hesabu. Aliuliza ni kwa nini gome hilo ni jepesi, kwa nini huelea, kwa nini hubonyea na kurudi lilivyokuwa. Jibu lake lilikuwa kwamba hewa imefungiwa ndani ya vijumba hivyo, kila kimoja kimezibwa kisiwasiliane na jirani yake, na kuta zake haziruhusu maji kupenya. Alitazama pia kiini cha mimea mingine, ikiwemo karoti, kangaga na baadhi ya matete, akaona muundo unaofanana na huo. Mvuvi wa Usenge hahitaji kuelezwa kuwa boya huelea, wala msusi wa mikeka ya mafunjo, ambayo kwa Dholuo huitwa togo, hahitaji kuambiwa kuwa shina lile ni jepesi. Ukilikata shina la mafunjo ya Kanyaboli au bua la gugu-maji lililoanza kulisumbua ziwa letu karibu na 1990, utakuta sifongo iliyojaa hewa. Swali la Hooke linaweza kuulizwa pale pale ufuoni, kwa wembe na lenzi ya bei nafuu.

Sasa tulitazame neno lenyewe. Hooke aliviita vijumba vile kwa neno la Kiingereza lililokuwa likitumika kwa chumba kidogo cha mtawa na kwa tundu la sega la nyuki. Alichokiona kilikuwa kuta tupu, kwa sababu gome lile lilikuwa limekwisha kufa na uhai wa ndani umetoweka. Kwa hiyo neno seli, hapo asili yake, lilitaja ukuta na uwazi wake tu. Ilipofika 1838 na 1839, Wajerumani Matthias Schleiden na Theodor Schwann walipofundisha kwamba mimea na wanyama wote wameundwa kwa seli, maana ilikwisha kuhama: jina la nyumba likawa jina la mwenye nyumba. Ndiyo maana leo twasema, bila kushtuka, kwamba seli ya mnyama haina ukuta. Kwa kipimo cha Hooke hicho ni chumba kisicho na kuta! Kiswahili nacho kimeipokea seli, na mwanafunzi wa Kenya aijuaye seli ya polisi yu karibu na maana ya awali kuliko anavyodhani, iwapo tu kuna mtu wa kumwonyesha.

Lipo jambo jingine ambalo wanaisimu hatupaswi kulinyamazia. Micrographia kina jina la Kilatini, lakini kimeandikwa kwa Kiingereza, wakati ambapo Kilatini kilikuwa lugha ya wasomi wa Ulaya nzima. Newton alipotoa kitabu chake kikuu mnamo 1687 alikiandika kwa Kilatini. Kiingereza cha 1665 hakikuwa na istilahi tayari kwa vitu ambavyo hakuna aliyepata kuviona. Hooke aliziokota kanisani, kwenye mzinga wa nyuki na jikoni. Hoja tunayoisikia kila mara, kwamba Kiswahili kisubiri kiwe na istilahi kwanza ndipo kifundishie sayansi, ingemzuia hata yeye. Wenzetu wa Dar es Salaam walitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990. Kinachokosekana ni darasa la kuitumia.

Katika fizikia, Hooke ndiye mwenye kanuni ya springi: kadiri nguvu inavyoongezeka, ndivyo urefu unavyoongezeka kwa uwiano. Mnamo 1676 aliitangaza akiwa ameificha katika fumbo la herufi zilizopangwa kialfabeti, ili asinyang'anywe, akaifumbua 1678. Kanuni hiyo imerudi kuukuta ukuta alioupa jina. Mwaka 1838, Mfaransa Anselme Payen alitambua kwamba kuta za mimea zina dutu moja iliyo kuu, ambayo ikaja kuitwa selulosi. Leo yajulikana kwamba selulosi ni minyororo mirefu ya glukosi iliyofumwa pamoja na pektini na dutu nyinginezo, na kwamba maji yaliyomo ndani huusukuma ukuta kwa kani ambayo mara nyingi huzidi ile ya gurudumu la gari. Ili seli ikue, ukuta lazima ulegezwe bila kupasuka. Protini zinazoulegeza zilitambuliwa 1992. Mnamo 1996 wachunguzi wa pamba walizibaini jeni zinazoongoza ufumaji wa selulosi. Kwa kingamwili zilizopakwa rangi ing'aayo, mtafiti huona pektini ilipo; kwa kuharibu jeni moja moja, hujua kila jeni ina kazi gani. Tena ipo sindano ndogo mno iliyofungwa kwenye ulimi mwembamba, nayo huubonyeza ukuta wa seli moja ili kupima ugumu wake. Jinsi ulimi ule unavyopinda husomwa kwa kanuni ya Hooke.

Mambo hayo yasidhaniwe kuwa anasa ya nchi za mbali. Kayongo, gugu linalonyonya mahindi na mtama wa wakulima wa Siaya, huingia katika mzizi wa mwenyeji wake kwa kupenya baina ya kuta za seli na kuzilegeza kwa vimeng'enya. Anayetafuta mbegu ya kulihimili anauchunguza ukuta.

Baada ya moto mkubwa wa London wa 1666 Hooke aliteuliwa kupima viwanja vya jiji, akasaidiana na Christopher Wren katika ujenzi mpya. Hakuoa. Mgongo wake, uliopinda tangu ujanani, ulizidi kupinda, na hasira zake vilevile. Mnamo 1672 aliikosoa nadharia ya Newton kuhusu rangi na mwanga. Mwaka 1686 alidai sehemu ya heshima katika kanuni ya mvutano wa sayari, kwa kuwa aliwahi kumwandikia Newton juu yake. Newton alikasirika na kupunguza mahali ambapo jina la Hooke lilitajwa. Kwa maoni yangu Hooke alidai kingi mno, kwani wazo lilikuwa lake kwa sehemu ila uthibitisho wa kihisabati ulikuwa wa Newton. Hata hivyo, adhabu aliyoipata haikulingana na kosa.

Alifariki tarehe 3 Machi 1703 katika vyumba vyake vya Chuo cha Gresham, alikoishi karibu miaka arubaini. Alikuwa akiishi kama fukara, lakini katika sanduku lake zilikutwa zaidi ya pauni elfu nane. Mwaka huo huo Newton akawa rais wa Jumuiya ya Kifalme, na mwaka uliofuata akachapisha kitabu chake juu ya mwanga. Hakuna picha ya Hooke iliyothibitishwa iliyobaki. Wapo wanaomshuku Newton, lakini ushahidi hakuna. Mifupa yake iliondolewa kanisani alikozikwa katika karne ya 19, na haijulikani iliko. Mnamo 2006 mamia ya kurasa za mwandiko wake, zenye kumbukumbu za mikutano ya Jumuiya, zilikutwa katika nyumba moja huko Hampshire, nazo zikanunuliwa kwa takriban pauni milioni moja zirejeshwe London.