Charles Lindbergh: rubani na saa yenye jina lake

Jumapili, katika soko la vitu vikuukuu la Hötorget mjini Stockholm, mkusanyaji hodari wa saa za kale za Kimarekani huomba mfuniko wa nyuma ufunguliwe kabla ya kuuliza bei. Humo Bulova huweka mwaka wa utengenezaji: katika miaka ya 1920 na 1930 kwa alama ndogo, kama vile pembetatu au mraba, na kuanzia 1950 kwa herufi na tarakimu. L6, kwa mfano, ni 1956.

Saa ya mkono iitwayo Lone Eagle, yaani Tai Mpweke, haipaswi kununuliwa bila uchunguzi huo. Jina hilo la utani lilikuwa la Charles Lindbergh, ambaye ukoo wake ulitoka Uswidi.

Babu yake, Ola Månsson, alikuwa mbunge. Mwaka 1859, akiandamwa na mashtaka ya fedha, alikimbilia Marekani, akabadili jina na kuanza upya shambani huko Minnesota. Mwanawe mchanga, mzaliwa wa Stockholm, baadaye aliingia katika Bunge la Marekani. Huyo ndiye baba wa rubani.

Charles alizaliwa Detroit tarehe 4 Februari 1902. Mei 1927 aliruka peke yake kutoka New York hadi Paris bila kutua, kwa muda wa saa 33 na nusu. Bulova, iliyokuwa imeahidi dola 1,000 kwa atakayefaulu, ilitoa saa 5,000 za ukumbusho, zikaisha upesi. Kwa kuwa jina liliuzika, lilibandikwa pia kwenye saa za miaka iliyofuata.

Sifa haikumkinga. Mwaka 1932 mwanawe mchanga alitekwa na kuuawa. Mwaka 1938 alipokea nishani ya Ujerumani ya Hitler mikononi mwa Göring, na Septemba 1941, akihutubia Des Moines, aliwashutumu Wayahudi kuwa wanaisukuma Marekani vitani. Mimi niliyepokewa hapa kama mkimbizi naona hilo zito zaidi kuliko safari yake ya angani: mjukuu wa mtoro hakuwaonea huruma waliokuwa wakisakwa.

Katika miaka ya 1960 alifika Kenya, akakaa miongoni mwa Wamaasai, na akawa mtetezi wa wanyamapori. Alifariki tarehe 26 Agosti 1974 katika kisiwa cha Maui, Hawaii, na kuzikwa huko.