CHEMIROCHA NI NANI?

Mwaka huu nawasimulia maisha ya mtu ambaye hakuwahi kukanyaga Kenya, lakini wazee wetu huku kwenye majani chai walimpa jina: Chemirocha. Jina hilo nililisikia kwa kogo wangu nikiwa mdogo, nikacheka, nikidhani ni zimwi la hadithi. Kumbe!

Jimmie Rodgers alizaliwa Septemba 8, 1897, huko kusini mwa Marekani. Mama yake alifariki yeye akiwa bado mtoto. Baba yake alifanya kazi ya reli, na Jimmie naye akawa mshika breki wa gari-moshi. Mwaka 1924 akapatikana na kifua kikuu. Siku hizo dawa yake haikuwepo. Kazi ya reli ikamshinda, basi akashika gitaa.

Agosti 4, 1927, mjini Bristol, alirekodi kwa mara ya kwanza. Akavuma kwa ule mtindo wake wa kuigeuza sauti ghafla, nene iwe nyembamba. Mwaka 1929 Joe Kaipo wa Hawaii alimpigia gitaa la kwao, lile la kutelezesha chuma juu ya nyuzi. Mwaka 1930 Louis Armstrong akampulizia tarumbeta. Mei 1933 alikuwa New York akirekodi huku ugonjwa umemmaliza. Studioni alitandikiwa kitanda apumzike kati ya wimbo na wimbo. Tarehe 26 akaaga dunia, miaka 35 tu.

Sasa, yanatuhusu nini? Santuri zake zilifika hadi Kericho. Mwaka 1950 Hugh Tracey alikuja Kapkatet, si mnapajua, ni hapo jirani tu, akawarekodi Chemutoi Ketienya na wasichana wenzake wa Kikipsigis wakimwimba Chemirocha kwa kinubi, eti ni nusu mtu nusu swara! Jimmie alikuwa kaburini miaka 17. Sauti hizo zilihifadhiwa Afrika Kusini, zikarudishwa Kapkatet mwaka 2014.

Nilipoyajua haya, nilikimbia kichwani hadi jikoni kwa kogo, lakini alikuwa ameshafariki. Kicheko changu kilinigharimu wimbo mzima.

Hawaii wana vipindi vya televisheni vya muziki na historia ya kwao. Nasi tuna wazee. Wenzangu, likizo hii waulizeni kabla hawajaondoka. Majuto ni mjukuu, na mjukuu mwenyewe ndiye mimi.

Naweka kalamu chini.