Joseph Murumbi: Kiongozi wa Kenya aliyehifadhi kazi za mikono ya Waafrika

Anayeingia katika jengo la Nyaraka za Taifa za Kenya, jijini Nairobi, hulakiwa na vinyago, ngao, vigoda, nguo na mapambo kutoka pande nyingi za Afrika. Sehemu kubwa ya hazina hiyo ilikusanywa na mtu mmoja: Joseph Murumbi, Makamu wa pili wa Rais wa nchi hiyo.

Murumbi alizaliwa mwaka 1911 huko Eldama Ravine, baba yake akiwa Mgoa na mama yake Mmaasai. Alisoma India, akafanya kazi Somalia, kisha akajiunga na chama cha KAU. Viongozi wenzake walipokamatwa wakati wa Hali ya Hatari, alikwenda uhamishoni London, ambako alikutana na Sheila, aliyekuja kuwa mkewe.

Baada ya uhuru alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Mwaka 1965 rafiki yake wa karibu, Pio Gama Pinto, aliuawa kwa risasi. Mwaka uliofuata Murumbi aliteuliwa kuwa Makamu wa Rais, wadhifa aliouacha baada ya miezi michache tu.

Tangu hapo nguvu zake alizielekeza kwenye sanaa. Mwaka 1972, pamoja na mkewe na Mmarekani Alan Donovan, alianzisha African Heritage, jumba la sanaa lililowapatia soko mafundi wa shanga, shaba, mfupa na mbao. Mwenyewe alikusanya vitabu, stempu na vyombo vya matumizi ya kila siku, wakati ambapo vitu vya namna hiyo vilikuwa vikitupwa au kuuzwa ng'ambo.

Mwaka 1977 aliiuzia serikali nyumba yake ya Muthaiga na sehemu ya mkusanyo wake, akitarajia pawe kituo cha utafiti wa utamaduni wa Afrika. Kituo hakikujengwa; nyumba iliachwa ikachakaa, hatimaye ikabomolewa. Walio karibu naye walieleza kwamba kuona magofu yale kulimvunja moyo.

Murumbi alifariki dunia Juni 1990, akazikwa katika bustani ya City Park, karibu na kaburi la Pinto. Vitu alivyovipenda vingali vinatazamwa na wananchi katikati ya jiji.