Homer Smith

Homer William Smith (Denver, Colorado, 2 Januari 1895 – New York, 25 Machi 1962) alikuwa mwanafiziolojia na mwandishi kutoka nchi ya Marekani. Anajulikana hasa kwa utafiti wake kuhusu kazi ya figo, uliomfikisha hadi Ziwa Viktoria.

Maisha

Alikulia Cripple Creek, mji wa wachimba dhahabu milimani Colorado. Msomaji wa Kalangalala au mtaa mwingine wa Geita asingepata shida kuufikiria. Utotoni alikuwa na kigugumizi. Alihitimu Chuo Kikuu cha Denver mwaka 1917, akapata udaktari wa sayansi Johns Hopkins mwaka 1921. Kuanzia mwaka 1928 hadi 1961 alikuwa profesa wa fiziolojia katika Chuo Kikuu cha New York.

Kamongo

Mwaka 1928 Smith alisafiri Afrika Mashariki kutafuta kamongo (Protopterus aethiopicus), samaki mwenye mapafu ambaye wavuvi wa Mwanza, Geita na Kisumu wanamfahamu vizuri. Kinamasi kikikauka, kamongo hujichimbia matopeni, hujizungushia ute unaokauka kama ganda, na kuacha tundu la kupumulia. Anaweza kukaa hivyo zaidi ya mwaka mmoja bila chakula.

Swali la Smith lilikuwa: uchafu wa mwili huenda wapi muda wote huo? Akiwa majini, kamongo hutoa amonia nyingi, nayo huchukuliwa na maji. Matopeni amonia hiyo ingemwua. Kwa hiyo mwili huigeuza kuwa urea, isiyo na sumu kali, na kuilimbikiza mpaka mvua zirudi. Figo karibu zinaacha kutoa mkojo. Mgonjwa ambaye figo zake zimeacha kazi kwa namna hiyo hufa asipotibiwa.

Mwaka 1932 alitoa riwaya iliyoitwa Kamongo, jina la samaki mwenyewe.

Kutokana na samaki alijenga nadharia kwamba vichujio vya figo vilianza kwa samaki wa kale wa maji baridi, waliohitaji kutoa maji yaliyozidi mwilini. Wataalamu wengine walipinga, wakisema chanzo chake ni baharini. Sehemu hii ya kazi yake ndiyo dhaifu zaidi, ingawa inasomwa kwa raha.

Kupima figo

Kazi yake kubwa ilikuwa kupima figo bila kumpasua mtu. Kwa kufanya hivyo alihitaji kitu kinachochujwa na figo, lakini kisichorudishwa kwenye damu wala kuongezwa na mirija ya figo. Katika miaka ya 1930 Smith na wenzake, na kundi la A. N. Richards likifanya kazi peke yake, walikipata: inulini, aina ya wanga kutoka mizizi ya mimea. Ikadhihirika kwamba figo za mtu mzima mwenye afya huchuja takriban lita 180 kwa siku, ambapo karibu zote hurudi mwilini; mkojo ni lita moja au mbili tu.

Hesabu hiyohiyo ilisaidia kueleza habari za vitamini. Mwaka 1938 Elaine Ralli na wenzake huko New York walionyesha kwamba figo hurudisha vitamini C kwenye damu mpaka kiwango fulani; inayozidi hutoka na mkojo. Kuhusu vitamini D, ilijulikana mwaka 1970, Smith akiwa ameshafariki, kwamba figo ndiyo huipa umbo lake lenye nguvu. Ndiyo sababu wagonjwa wa figo wa muda mrefu huugua mifupa.

Smith pia alipinga desturi ya kuondoa figo moja kwa matumaini ya kuponya shinikizo la damu. Alikusanya taarifa za waliopasuliwa, akaonyesha kwamba waliopona walikuwa wachache. Wagonjwa wengi wakaepuka kupoteza figo bure.

Kitabu chake kikuu kuhusu figo kilitoka mwaka 1951. Mwanafunzi wake James Shannon baadaye aliongoza taasisi za taifa za afya za Marekani. Tuzo ya Homer W. Smith hutolewa kwa watafiti wa figo tangu mwaka 1964.