Marehemu Sheikh Abdulla Saleh Farsy na Kuisoma Qurani kwa Moyo

Marehemu Sheikh Abdulla Saleh Farsy, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizaliwa Unguja mwaka 1912. Alisoma chuoni na skuli, kisha akawa mwalimu wa skuli, naye hakuacha kukaa mbele ya wanavyuoni wakubwa, miongoni mwao Sayyid Omar bin Sumait.

Zama hizo, Unguja kama katika vyuo vya mwambao wa Tanganyika, tangu Ujiji hata Rumonge na Muhuta, wengi walihitimu juzuu 30 wasijue maana ya waliyoyasoma. Thawabu ya kusoma haikukosekana, lakini moyo ulibaki na kiu. Mtu aliweza kusoma katazo la kusengenya, akaufunga msahafu, kisha akasengenya, si kwa ujeuri, bali kwa kutojua kwamba amekwisha katazwa.

Tafsiri kamili ya Kiswahili aliitangulia padri Godfrey Dale mwaka 1923, na ya Ahmadiyya ikafuata mwaka 1953. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa aliianza yake, lakini mauti yalimkuta mwaka 1947 hajaimaliza. Tena walikuwako wenye elimu walioogopa kwamba watu wakipata maana kwa Kiswahili watakiacha Kiarabu. Hofu hiyo haikuwa ya upuuzi. Sheikh Abdulla aliijibu kwa kazi: aliziweka aya kwa Kiarabu chake, pamoja na maana yake, na maelezo chini. Kitabu chake, Qurani Takatifu, kilipigwa chapa kamili Nairobi mwaka 1969, naye akiwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu mwaka 1968.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikwisha fundisha katika Ihya kwamba msomaji na aihesabu kila amri na kila onyo kuwa anaambiwa yeye nafsi yake. Kwa kazi ya Sheikh Abdulla, mvuvi na mchuuzi asiyejua Kiarabu naye aliufikia mlango huo. Akisoma habari za wanafiki, haimpasi kumtafuta jirani. Na autazame moyo wake kwanza.

Sheikh Abdulla alifariki Oman mwaka 1982. Mwenye kitabu chake nyumbani asikiache kabatini kuwa pambo. Na asome aya chache kwa utaratibu, ajihesabu, kisha abadilishe jambo moja kabla ya kusoma nyingine.

Mwenyezi Mungu amlaze mahali pema, na azifungue nyoyo za wasomao. Amin.