Jamaa anayesukuma mshale wa spidomita yako

Ukibahatika kuketi ndani ya Datsun 240Z, lile gari la spoti lililoshinda Safari Rally mwaka 1971 na tena 1973, tazama spidomita yake. Hakuna skrini wala kompyuta, ni mshale tu. Na kwa gari la umri huo, mshale wenyewe huenda unakudanganya: unaonyesha 50 kumbe uko 60, na mjini mwisho ni 50. Kabla hujamwambia fundi afungue dashibodi, mjue kwanza jamaa anayeusukuma. Alikufa 1867.

Michael Faraday alizaliwa Septemba 22, 1791, kusini mwa London. Babake alikuwa mhunzi aliyeugua mara kwa mara, na nyumbani chakula kilikuwa cha kubahatisha. Shule? Kusoma, kuandika na hesabu kidogo, basi. Akiwa na miaka 14 alipelekwa kwa George Riebau, muuza vitabu, kujifunza kazi ya kujalidi. Alikaa huko miaka saba. Wengine wangejalidi na kwenda zao, lakini huyu alivisoma vile vitabu. Makala ya umeme katika ensaiklopidia ya Britannica na kitabu cha kemia cha Jane Marcet vilimteka, akaanza kujaribu mambo mwenyewe kwa vifaa alivyoweza kununua.

Mwaka 1812 mteja mmoja wa duka alimpa tiketi za mihadhara ya Humphry Davy, staa wa sayansi wa London enzi hizo. Faraday alinukuu kila kitu, akachora mitambo, akajalidi kurasa kama 300 na kumtumia Davy pamoja na ombi la kazi. Hiyo ndiyo ilikuwa CV yake, na mimi sijaona kali kuliko hiyo. Machi 1813 akaajiriwa msaidizi wa maabara katika Royal Institution. Mwaka huohuo akafuatana na Davy kuzunguka Ulaya, ambako mke wa bosi alimfanya kama mtumishi wa nyumba. Alivumilia, akajifunza.

Sasa twende kwa ile kitu inayohusu gari lako. Mnamo 1824 Mfaransa François Arago alikuwa ameonyesha kioja: zungusha sahani ya shaba chini ya sindano ya sumaku, na sindano inaanza kuifuata, ilhali havijagusana na shaba haivutwi na sumaku. Wasomi wakakuna vichwa. Faraday, ambaye hesabu za juu hakuzijua kabisa, aligundua Agosti 1831 kwamba nguvu ya sumaku inapobadilika huzaa umeme ndani ya waya ulio karibu. Oktoba 28 akazungusha sahani ya shaba kati ya ncha za sumaku kubwa, na umeme ukatoka. Kioja kikaeleweka. Mwendo huamsha mikondo ya umeme ndani ya shaba yenyewe, mikondo hiyo nayo inakuwa na nguvu ya sumaku, na vitu viwili vinaburutana bila kushikana.

Mjerumani Otto Schulze alisajili hataza ya spidomita ya aina hii mwaka 1902. Kebo kutoka kwa giaboksi inazungusha sumaku ndogo ndani ya kikombe cha alumini. Kikombe kinataka kuifuata, springi nyembamba kama unywele inakizuia, na mshale unasimama pale nguvu hizo mbili zinapolingana.

Zile namba zinazohesabu kilomita, hata hivyo, hazimjui Faraday. Zinazungushwa na meno ya gia pekee. Hapo ndipo utamnasa mwongo. Mwenzako aketi kando na GPS ya simu, mwende kilomita 10. Namba zikiwa sawa lakini mshale hauko sawa, shida iko upande wa Faraday: ukisoma chini, pengine sumaku imechoka, ukisoma juu, pengine springi imelegea. Vyote viwili vikikosea kwa kiasi kimoja, angalia tairi, maana mwenye gari kabla yako huenda aliweka kubwa kuliko za kiwandani, au ile gia ndogo ya kuendesha kebo si yake. Mshale ukirukaruka, kebo imekauka grisi au imepindika. Na fundi akikuambia atang'oa mshale auchomeke mbele kidogo, mkatalie. Utapatia kwa 50, kisha kwa 100 bado utakuwa umepotea. Sumaku hutiwa nguvu upya, na kazi hiyo ina mafundi wake.

Faraday hakutajirika kwa haya. Alikataa cheo cha Sir, na mara mbili akakataa urais wa Royal Society. Kuanzia 1836 alishauri kuhusu minara ya taa za meli, akipanda mwenyewe kuikagua hata uzeeni. Kumbukumbu ikaanza kumtoroka, na kwa mtu aliyeandika kila jaribio na kulipa namba, hilo lilimuuma sana. Malkia Victoria alimpa nyumba Hampton Court. Alifia humo Agosti 25, 1867, akiwa kitini, na akazikwa makaburi ya Highgate. Gari la petroli la Karl Benz lilikuwa bado karibu miaka 20 mbele.