Zawadi Isiyotaja Mtoaji

Kwa kujifunza: Mathayo 6:1–4, Marko 12:41–44, 2 Wakorintho 8:9

Lesoni ya juma hili yatufundisha kutoa kwa unyenyekevu. Hebu tulitazame somo hili katika maisha ya Edward Steere, mmisionari Mwanglikana aliyetumika katika pwani yetu. Hakuwa wa kanisa letu, lakini tunakula matunda ya mti alioupanda.

Steere alizaliwa London mwaka 1828. Alisoma sheria hadi shahada ya udaktari, elimu ambayo ingempa maisha ya raha. Akachagua uchungaji, na mwaka 1864 akafika Unguja pamoja na Askofu Tozer.

Siku hizo wanadamu waliuzwa mnadani Mkunazini. Muda mfupi baada ya wamisionari kufika, Sultani Majid aliwakabidhi wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Wavulana hao hawakuwa na kitu cha kulipa, wala hawakujua Kiingereza. Steere hakungoja wao waijue lugha yake kwanza. Yeye, daktari wa sheria, aliketi kama mwanafunzi mbele ya wenyeji wa Unguja waliokuwa Waislamu, akiuliza maneno na kusikiliza hadithi zao. Kabla ya kutoa, alikubali kupokea.

Mwaka 1870 alitoa kitabu cha sarufi ya Kiswahili na kingine cha hadithi. Alijua kupiga chapa kwa mikono yake, akawafundisha vijana waliowekwa huru kazi hiyo, kazi ya kumpatia mtu riziki yake mwenyewe. Kisha akatafsiri Agano Jipya na sehemu za Agano la Kale.

Mwaka 1873 soko la watumwa lilifungwa. Mmisionari mwenzake, Arthur West, alinunua kiwanja chake kwa fedha zake, akakitoa kwa misheni. Mfanyabiashara Mhindi, Jairam Senji, akatoa kipande cha jirani. Jiwe la msingi la kanisa liliwekwa Krismasi ya mwaka huo. Steere, aliyewekwa kuwa askofu mwaka 1874, alisimamia ujenzi yeye mwenyewe katikati ya mafundi. Ibada ya kwanza ndani yake ilifanyika siku ya Krismasi, miaka michache baadaye. West hakuiona, alikuwa amekwisha kufa.

Huku kwetu pia Steere alifika. Mwaka 1875 alivuka kuja bara, akapanda hadi Magila, karibu na Muheza, kuiimarisha kazi iliyokuwa imeanza kwa shida.

Alifariki Unguja Agosti 1882, akazikwa katika kanisa alilolijenga. Biblia nzima ya Kiswahili cha Unguja ilitoka mwaka 1891, wengine wakiwa wameimaliza kazi aliyoianza. Wamisionari wetu walipofika Upare mwaka 1903, Neno la Mungu lilikuwa tayari katika lugha ya pwani. Steere hakujua kwamba angewatayarishia njia.

Wapendwa, tujipime hapa Nguvumali. Siku ya changizo tunasoma majina na kiasi mbele ya kanisa. Aliyetoa laki anashangiliwa. Mama muuza vitumbua aliyetoa mia tano, yote aliyokuwa nayo, anainamisha kichwa. Je, hesabu hiyo ni ya Yesu? Yeye aliketi kuielekea sanduku ya hazina, akamheshimu mjane. Tunapompelekea jirani unga huku tukipiga picha, tumempa unga na kumnyang'anya heshima yake.

Steere hakuwapa wavulana wale kitu cha kuwafanya waombe tena kesho. Aliwapa kusoma, kazi na Neno. Na Kristo, aliye tajiri, hakutupa zawadi kutoka mbali. Alishuka akakaa kwetu, akala chakula chetu, akaomba maji kwa mwanamke kisimani. Sadaka yetu na ifuate njia hiyo: ishuke, iketi, isikilize, ndipo itoe.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini ni vigumu kwa mtoaji kukubali kupokea kutoka kwa anayemsaidia?

2. Kanisa letu laweza kukusanya changizo kwa njia gani bila kumwaibisha maskini?

3. Juma hili, ni nani utakayemsaidia pasipo mtu mwingine kujua?